Mandhari Inayobeba Hadithi: Kufundisha Utungaji wa Hadithi za Katuni za Kisayansi

Utangulizi

Mwanachuo anayetoka katika mazoezi ya kufundisha hurudi chuoni na madaftari ya watoto. Akiyafungua pamoja na wenzake, ataona jambo moja likijirudia. Mwanafunzi wa darasa la tano akiambiwa atunge hadithi ya picha juu ya maisha ya miaka 100 ijayo, aghalabu huchora magorofa marefu, magari yanayoruka na mtu wa chuma mwenye bunduki. Juu ya ukurasa huandika jina la mji wa ng'ambo asioujua. Picha hizo hazina baridi wala joto, vumbi wala matope. Mtoto aliyezichora ameamka asubuhi hiyo katika baridi ya Kibosho au Marangu, amepita kando ya mfongo akienda shuleni, lakini hakuna hata kimoja cha vitu hivyo kilichoingia katika kazi yake. Ni kana kwamba amefundishwa kuwa wakati ujao utafika mahali pengine tu, na kwao hautafika.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mwanafunzi kurekebisha hali hiyo. Hoja yetu ni kwamba katika hadithi za kubuni za kisayansi mandhari ni zaidi ya pambo linalowekwa nyuma ya wahusika. Mara nyingi ndiyo inayobeba hadithi. Tutaeleza kwanza maana ya mandhari, kisha tutatazama mifano ya Japani na ya kwetu, halafu tutaichunguza miteremko ya Kilimanjaro kama mandhari, na mwisho tutatoa mfano wa somo.

Maana ya mandhari na hisia ya mahali

Mandhari ni mahali na wakati ambapo matendo ya hadithi hutendeka. Hisia ya mahali ni yale yanayompata msomaji moyoni kwa sababu ya mahali hapo: upweke, hofu, utulivu au matumaini. Mandhari huonekana kwa macho, lakini hisia ya mahali haichorwi moja kwa moja. Huzaliwa kutokana na namna mchoraji alivyochagua na kupanga vitu anavyovionyesha.

Mfano mwepesi ni huu. Chora mlango uliofungwa. Sasa chora mlango uleule, lakini mbele yake weka ndala za mtoto zilizojaa vumbi na majani makavu. Hakuna mtu aliyeonyeshwa na hakuna neno lililosemwa, lakini mtazamaji ameanza kuuliza mwenye ndala amekwenda wapi na tangu lini. Swali hilo ndilo mwanzo wa hadithi.

Katika hadithi ya maandishi matupu, mwandishi huweza kueleza mahali kwa aya nzima. Katika katuni, mahali huonekana katika kila kisanduku, yaani kila mraba wenye picha moja, hata pale ambapo mchoraji hakukusudia. Asipokusudia, mahali hapo patakuwa bubu. Hadithi ya kisayansi huongeza uzito wa jambo hili, kwa kuwa msomaji anaingia katika ulimwengu ambao hajauona. Hajui sheria zake, na njia iliyo bora ya kumfahamisha ni kumwonyesha ulimwengu wenyewe.

Mifano kutoka Japani

Hadithi za katuni za Japani huitwa manga. Scott McCloud wa Marekani, katika kitabu chake juu ya sanaa ya katuni kilichotoka mwaka 1993, alionyesha kwamba wachoraji wa Japani, zaidi ya wale wa Marekani na Ulaya, hupenda kupanga visanduku ambavyo havisogezi tendo mbele. Kisanduku kimoja huonyesha paa, kinachofuata huonyesha tone la maji, kingine tawi la mti. Muda hausongi. Msomaji anazungushwa mahali hapo, naye anaanza kupahisi.

Mfano wa kwanza ni Blame! ya Tsutomu Nihei, iliyotolewa kwa mfululizo kati ya mwaka 1997 na 2003. Mhusika wake mkuu, Killy, anatembea ndani ya jengo lisilo na mwisho, ambalo mitambo inaendelea kulijenga bila binadamu kuwa na uwezo wa kuisimamisha. Kurasa nyingi hazina maneno kabisa. Tunaona ngazi, nguzo na mashimo yasiyo na kina kinachojulikana, na mtu mdogo sana akipita katikati. Nihei alikuwa amewahi kufanya kazi za ujenzi kabla ya kuwa mchoraji, na ujuzi huo unaonekana. Hatuelezwi kwamba binadamu amepoteza mamlaka juu ya kazi ya mikono yake. Tunaliona jambo hilo kwa kulinganisha ukubwa wa ukuta na udogo wa mtu.

Mfano wa pili ni Yokohama Kaidashi Kikō ya Hitoshi Ashinano, iliyotolewa kati ya mwaka 1994 na 2006. Hapa bahari imepanda, watu wamepungua, na barabara nyingine zinaishia majini. Mhusika mkuu ni Alpha, roboti mwenye umbo la mwanamke, anayetunza mkahawa mdogo ambao wateja wake ni wachache. Hakuna vita wala adui wa kushindwa. Kuna upepo, nyasi zinazoota juu ya lami, na jioni ndefu. Hata hivyo msomaji anaelewa kwamba zama fulani za binadamu zinakwisha polepole, na huzuni hiyo inakuja pamoja na utulivu.

Mifano hii inatufundisha mambo mawili. Kwanza, mandhari inaweza kusema jambo ambalo wahusika hawalisemi. Pili, ukubwa wa jambo la kisayansi hauhitaji kelele. Bahari iliyopanda ni jambo kubwa kuliko mzinga wa mionzi, na Ashinano alilionyesha kwa barabara tu.

Hali ilivyo kwetu

Isidhaniwe kwamba kubuni ulimwengu mwingine ni jambo geni katika Kiswahili. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, hadithi ya nchi iliyo angani. Katama Mkangi wa Kenya, katika riwaya yake Walenisi ya mwaka 1995, alimpeleka mhusika wake Dzombo kwa chombo cha angani hadi nchi ambayo jina lake linamrudishia msomaji sura yake mwenyewe: wale ni sisi. Kwa waandishi hao mahali penyewe ni sehemu ya hoja.

Katika katuni, Tanzania ina historia ndefu pia. Wasomaji wa gazeti la Uhuru walimfahamu Chakubanga wa Christian Gregory, na jarida la Sani liliwalea wasomaji wengi. Lakini katuni za magazeti yetu kwa kawaida hubebwa na maneno, mzaha na tabia ya mtu, na mahali huachiwa mistari miwili mitatu. Hilo si kosa, kwa kuwa mzaha wa gazeti unataka haraka. Ila mtoto aliyeona katuni za aina hiyo peke yake hudhani kwamba kazi yote hufanywa na kiputo cha maneno. Mwalimu hana budi kumwonyesha njia nyingine.

Miteremko ya Kilimanjaro kama mandhari

Ni mahali pachache duniani panapompa mtunzi utajiri wa mandhari kama hapa. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Kibo kiko mita 5,895. Kwa kawaida joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda. Hivyo katika safari moja mtu hutoka kwenye mashamba ya miwa ya Arusha Chini, akapita mjini, akaingia kwenye vihamba vya migomba na kahawa vilivyozungushiwa masale, akapita msitu wa mvua ambamo miti imevaa kuvu na ndevu za mzee, akavuka nyika ya vichaka vifupi na jangwa la mawe, na mwisho akafika kwenye barafu. Mtunzi anayetaka kubadili hisia ya hadithi yake hapa anahitaji tu kumpandisha au kumshusha mhusika wake.

Mahali hapa pana pia kazi za mikono ya watu. Mifongo ya Wachaga, inayochukua maji kutoka makorongoni na kuyapeleka vihambani kwa zamu, ni uhandisi wa karne nyingi. Na mambo mapya yamefika. Mwezi Agosti 2022 mtandao wa intaneti wenye kasi ulizinduliwa mlimani hadi kituo cha Horombo, kwenye mita 3,720. Mpagazi aliyetua mzigo wake katika ukungu anaweza kuzungumza na mwanawe aliye Dar es Salaam huku wakionana kwa picha. Kama jambo hilo lingeandikwa katika hadithi mwaka 1975, lingeitwa ndoto ya kisayansi.

Pamoja na hayo, mlima unabadilika. Mwaka 1912 barafu yake ilikuwa na eneo la karibu kilometa za mraba 12. Kufikia mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilometa za mraba 2. Mwaka 2022 UNESCO ilitaja Kilimanjaro miongoni mwa sehemu za urithi wa dunia ambazo barafu yake inatarajiwa kutoweka ifikapo mwaka 2050. Mtoto aliye darasa la tano leo atakuwa mtu mzima mwaka huo, pengine mwenye watoto. Kwa hiyo tunapomwomba abuni wakati ujao wa mlima huu, tunamwomba afikirie maisha yake mwenyewe. Hii ndiyo sababu somo hili lisichukuliwe kuwa mchezo wa kupitisha muda siku ya Ijumaa.

Mfano wa somo

Somo hili ni la vipindi viwili vya dakika 40. Vifaa ni karatasi, penseli, kipande cha mkaa na ubao. Shabaha ni kwamba ifikapo mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze kutunga hadithi ya visanduku sita ambamo mahali panasema zaidi ya wahusika.

Hatua ya kwanza: kuangalia. Watoe wanafunzi nje ya darasa. Kila mmoja aandike kitu kimoja anachokiona, kimoja anachokisikia, kimoja anachokinusa, kimoja anachokihisi kwenye ngozi, na kimoja ambacho jana kilikuwapo lakini leo hakipo. Swali la tano ndilo gumu na ndilo lenye faida zaidi. Siku ambayo Kibo kimejifunika, usiahirishe somo. Kutoonekana kwa mlima ni jambo la kuandikwa.

Hatua ya pili: kubadili jambo moja. Darasa lichague badiliko moja tu la wakati ujao, kisha mwalimu aulize mara nne, "Kwa hiyo?" Tuseme watoto wamechagua kwamba ukungu hauji tena. Kwa hiyo? Kuvu za mitini zimekauka. Kwa hiyo? Chemchemi zimepungua. Kwa hiyo? Zamu ya maji ya mfongo inafika mara moja kwa majuma mawili. Kwa hiyo? Kuna mtambo wa kuhesabu maji ya kila kihamba. Andika mnyororo huo ubaoni. Hapo sayansi na hadithi zimeshikana bila kulazimishwa.

Hatua ya tatu: kuchora. Visanduku viwili vya kwanza visiwe na mtu wala neno. Amri hii huwasumbua watoto mwanzoni, lakini huwalazimisha kufikiri juu ya mahali.

Hatua ya nne: kufuta. Mwanafunzi asome maneno yote ya hadithi yake na kufuta kila neno ambalo picha imekwisha kulisema.

Mfano ufuatao, "Zamu ya Maji", unaweza kuchorwa ubaoni na mwalimu.

Kisanduku cha kwanza: alfajiri mteremkoni. Anga ni tupu, na Kibo ni cheusi hadi kileleni. Migomba ni mifupi.

Kisanduku cha pili: mfongo mkavu wenye majani yaliyojikunja. Kando yake masale bado ni mabichi. Kwenye banio kuna kijisanduku cha chuma chenye kioo na taa ndogo nyekundu.

Kisanduku cha tatu: kwa mbali, msichana na bibi yake wameketi kando ya mfongo wakiwa na ndoo tatu. Wamejifunga mashuka kwa baridi.

Kisanduku cha nne: taa imekuwa ya kijani. Maji yanakuja membamba kama uzi.

Kisanduku cha tano: ndoo ya kwanza inajaa. Msichana anauliza, "Bibi, hivi ukungu ulikuwaje?"

Kisanduku cha sita: bibi ameinama karibu na kile kijisanduku, anapuliza pumzi yake juu ya kioo baridi. Kioo kimefifia. Anasema, "Hivi."

Waulize wanafunzi: ni nani aliyewaambia kwamba ukungu umetoweka siku nyingi? Watagundua kwamba msichana amezaliwa na kukua mteremkoni bila kuuona, na kwamba jambo hilo lilianza kutayarishwa katika anga tupu ya kisanduku cha kwanza. Waulize tena: kwa nini masale hayakukauka? Wengine watasema ni mmea mgumu. Wengine watakumbuka kwamba sale ni alama ya mpaka na ya kuombana radhi. Majibu yote mawili ni sahihi, na mwalimu asiharakishe kuchagua moja.

Mambo ya kuangalia

La kwanza ni ukweli wa kisayansi. Watu wengi husema kwamba barafu ya Kibo ikiisha, mito yote itakauka. Uchunguzi wa mlima umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya maji ya mito na chemchemi hutokana na mvua na unyevu wa ukungu unaonaswa na msitu. Mchango wa barafu ni mdogo. Ndiyo maana katika mfano wetu tulichagua ukungu. Msitu ukiungua, kama ulivyoungua ukanda wa juu wa mlima mwezi Oktoba 2020, hasara yake kwa maji ni jambo la kuhofiwa hata kama barafu haijaguswa. Hadithi ya kubuni ina ruhusa ya kuvuka yaliyopo, lakini isijengwe juu ya sababu isiyo ya kweli, kwa kuwa mtoto ataibeba kama maarifa.

La pili ni mlima wa pambo. Kuchora Kibo nyuma ya kila picha hakutoshi. Jaribio ni rahisi: ondoa mlima katika kisanduku, kisha uulize kama hadithi imepoteza kitu. Kama haikupoteza, basi mlima ulikuwa kalenda ya ukutani tu.

La tatu ni kusahau tendo. Wako watakaosema kwamba tukitukuza mandhari tutapata picha nzuri zisizo na hadithi. Hofu hiyo ina msingi. Mahali peke yake si hadithi. Sharti kitu kibadilike kati ya kisanduku cha kwanza na cha mwisho. Katika mfano wetu, msichana amepata kitu ambacho hakuwa nacho, ingawa ni pumzi tu kwenye kioo.

La nne ni lugha. Baadhi ya walimu hukataza maneno kama kihamba na mfongo katika insha kwa kuwa asili yake si Kiswahili. Maneno haya yamekwisha kuzoeleka katika Kiswahili cha mkoa huu, na hakuna neno jingine linalobeba maana yake yote. Yaruhusiwe, na mwanafunzi ayafafanue mara ya kwanza kwa maneno machache. Kufafanua huko ni zoezi zuri la lugha.

La tano ni hofu ya watoto. Darasa zima linaweza kuishia kuchora ukame na makaburi. Mwalimu asiwalazimishe kufurahi, wala asiwadanganye. Awaombe tu kwamba katika kisanduku cha sita pawe na mkono wa mtu unaofanya kitu. Mtoto anayejifunza kwamba mahali pake panaweza kubadilika kwa ubaya anapaswa kujifunza pia kwamba mifongo ilichimbwa na watu.

Tathmini

Katika kusahihisha, uzuri wa mchoro usipewe alama nyingi, kwa kuwa hili ni somo la utungaji. Mwalimu ajiulize: Je, mahali pa hadithi panatambulika bila kuandikwa jina? Je, badiliko la wakati ujao linafuata sababu? Je, kuna jambo ambalo picha imesema na maneno yamenyamaza? Mwanafunzi mwenye mistari dhaifu aliyetimiza mambo hayo matatu amefaulu.

Njia hii si ya Moshi peke yake. Mwanachuo atakayepangiwa kazi Ujiji ana ziwa, wa Rufiji ana mikoko na mafuriko, na wa Kondoa ana makorongo ya mmomonyoko. Kinachotakiwa ni kwamba kabla ya kufundisha somo hili mwalimu mwenyewe atoke nje, asimame, na ajibu yale maswali matano.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya mandhari na hisia ya mahali kwa kutumia mfano wako mwenyewe.

2. Chukua hadithi ya katuni yoyote unayoifahamu. Ondoa maneno yote. Ni mambo gani yanabaki?

3. Tayarisha andalio la somo la vipindi viwili kwa shule iliyo mbali na mlima, ukionyesha badiliko moja na mnyororo wa "Kwa hiyo?" usiopungua hatua nne.

4. "Mtoto wa shule ya msingi asifundishwe kubuni wakati ujao wenye hasara." Jadili.